Kusubiri Nako ni Mtaji: Kinywe, Betri na Shamba la Mjomba

Agosti iliyopita nilikuwa nyumbani Lisekese, pembezoni mwa mji wa Masasi, kwa mapumziko ya chuo. Ni mwezi ambao mikorosho huchanua, na mashine za kupulizia salfa hunguruma tangu alfajiri. Jioni moja mjomba wangu, mzee wa miaka sabini na minne, aliweka taa yake ya sola juu ya kigoda, akaketi, akanyamaza kidogo kama wafanyavyo wazee wa kwetu kabla ya neno zito, kisha akaniuliza: "Mpwa wangu, hizo betri za magari ya umeme zitahitaji kinywe mpaka lini?"

Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na nimekaa katika makongamano ambamo wataalamu walizungumzia mapinduzi ya nishati kuanzia asubuhi hadi jioni. Sikumbuki kusikia swali zito kuliko hilo. Ndilo swali ambalo mwekezaji mwenye akili hulipa fedha nyingi ili ajibiwe. Nami nilikuwa na sababu ya pekee ya kuinamisha kichwa, kwa kuwa mjomba hakuwa akiuliza kwa udadisi. Alikuwa akinikumbusha deni.

Naomba basi, ndugu msomaji, nianze na ungamo.

Mwaka 2014 watu wa utafiti walifika katika kijiji lilipo shamba la mjomba, mwendo wa saa mbili hivi kwa baiskeli kutoka Lisekese. Walikuwa watu wa kampuni ndogo ambayo sina haja ya kuitaja. Walifanya mkutano na serikali ya kijiji, wakapigilia vigingi, wakachoronga mashimo machache, wakabeba vifuko vya udongo wa kijivu unaong'aa na kuacha weusi vidoleni. Walisema ni kinywe, madini yale yale ya ncha ya penseli, na kwamba dunia ilikuwa ikiyatafuta kwa ajili ya betri. Hawakuahidi kitu kwa maandishi, wala hawakumkataza mtu kulima.

Aliyekataza ni mimi.

Mjomba alikuwa na ekari nane za mikorosho iliyopandwa miaka ya 1970, mingi ikiwa imezeeka na kusumbuliwa na ubwiriunga. Alikuwa ameweka akiba ili akate ekari nne na kupanda miche bora ya kubebeshwa, ile inayotokana na kazi ya watafiti wa Naliendele. Alinipigia simu kuomba ushauri, kwa sababu katika ukoo wetu mpwa aliyesoma ni mali ya wajomba zake, na elimu yangu ililipiwa kwa korosho za shamba hilo hilo. Nilikuwa nakaribia kumaliza shahada ya uzamivu. Nilimjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma ripoti mbili tatu: "Mjomba, subiri. Mgodi ukija, mthamini atahesabu mkorosho mkubwa kwa thamani kubwa na mche kwa thamani ndogo. Ukikata sasa utajipunguzia fidia. Magari ya umeme yanakuja, na kinywe hakikwepeki."

Akasubiri. Akiba ile ikaenda kwenye matibabu, kwenye misiba na kwenye karo za watoto wa ndugu. Miaka ikapita. Mashimo ya utafiti yakafukiwa na mvua. Vigingi vikaliwa na mchwa. Hakuja mthamini, hakuja mtu wa kusema kwaheri. Msimu wa 2017/2018 korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, na majirani waliopanda miche mipya wakati ule walikuwa wameanza kuvuna. Mjomba alivuna alichobakishiwa na wazee wake wa miaka ya sabini.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la bahati. Nimelitafakari kwa muda mrefu na siamini hivyo. Nilifanya kosa la uchambuzi, na kosa lile lile linafanywa leo na taifa zima, kwa lugha ya kupendeza zaidi. Ndiyo maana nimeona niliandike.

Tuanze na sayansi, kwa kuwa bila hiyo siasa ya madini hubaki kelele. Betri ya lithiamu iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991, na ambayo wagunduzi wa misingi yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019, ina pande mbili. Unapoichaji, chembe za lithiamu huhama kutoka upande chanya na kwenda kujificha katika upande hasi. Unapoitumia, hurudi zilikotoka. Upande hasi kwa kawaida hutengenezwa kwa kinywe, kwa sababu kinywe kimeumbwa kwa matabaka membamba, na chembe hizo hupenya katikati ya matabaka kama barua ndani ya kabati la posta. Betri ya gari moja huweza kubeba makumi ya kilo za kinywe. Hata taa ya sola iliyokuwa juu ya kigoda cha mjomba ina betri ya ukoo huo, na simu niliyomwambia nayo "subiri" vilevile.

Sasa, mabishano makubwa ya wataalamu yalikuwa juu ya upande chanya. Kuna betri zinazotumia nikeli, manganizi na kobalti, na kuna zile zinazotumia chuma na fosfeti, zisizohitaji nikeli wala kobalti hata chembe. Zamani hizi za chuma zilidharauliwa kwa kuwa ni nzito na hubeba umeme mchache. Wahandisi wa China hawakuzikatia tamaa. Walibadili namna ya kuzipanga ndani ya gari, wakapunguza gharama, na mwaka 2020 kampuni ya BYD ikatoa betri yake ya muundo wa bapa. Leo betri za chuma na fosfeti zimechukua takribani nusu ya soko la magari ya umeme duniani. Bei ya betri kwa jumla, ambayo mwanzoni mwa muongo wa 2010 ilizidi dola 1,000 kwa kila uniti moja ya umeme inayohifadhiwa, ilishuka hadi dola 115 kwa wastani mwaka 2024, kwa hesabu za BloombergNEF.

Mwekezaji wa kinywe wa mwaka 2014 alitazama mabishano hayo na kutabasamu. Hoja yake ilikuwa rahisi: ashinde nani upande chanya, upande hasi utabaki wa kinywe. Hiyo ndiyo hoja niliyoimeza nami nikaipeleka Masasi kwa simu. Na ajabu ni kwamba ilikuwa kweli! Mwaka 2014 magari ya umeme yaliyouzwa duniani hayakufika nusu milioni. Mwaka 2024 yalizidi milioni 17, yakiwamo yale yanayochanganya umeme na petroli. Kinywe kilihitajika kuliko alivyoota mtu yeyote. Utabiri wangu ulitimia, na mjomba hakupata hata senti.

Hapo ndipo penye fundisho. Kupatia kuhusu teknolojia si kupatia kuhusu bei, si kupatia kuhusu mahali, wala si kupatia kuhusu wakati.

Tuitazame bei. Kinywe si lazima kichimbwe. Kinaweza kutengenezwa kiwandani kutokana na masalia ya mafuta ya petroli, yakichomwa kwa joto linalokaribia nyuzi 3,000 za Selsiasi. China ilijenga viwanda hivyo kwa wingi, na kinywe cha kiwandani kikashuka bei hadi kushindana uso kwa uso na kile cha ardhini. Mahitaji yakapanda, bei isipande. Na hata kinywe kinachochimbwa nje, kwa sehemu kubwa, hupelekwa China kusafishwa na kufinyangwa kuwa vijipira kabla ya kuingia kwenye betri. Huko ndiko ilikojikusanya karibu kazi yote ya kutengeneza upande hasi. Ilipofika Desemba 2023, China ilianza kutaka vibali kwa usafirishaji wa baadhi ya aina za kinywe, na dunia ikakumbuka kwamba mwenye kinu ndiye mwenye unga.

Tuitazame suala la mahali. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado waliko ndugu zetu Wamakonde na Wamakua, upo mgodi wa Balama wa kampuni ya Syrah Resources ya Australia, mmoja wa migodi mikubwa ya kinywe duniani. Huo ulijengwa kweli, ukazalisha kweli. Kisha mwaka 2019 ukapunguza uzalishaji kwa sababu ya bei, mwaka 2020 ukasimama, mwaka 2021 ukarejea, na Desemba 2024 kampuni ikatangaza kushindwa kutimiza mikataba kwa sababu ya maandamano, ambayo chimbuko lake lilikuwa malalamiko ya wakulima kuhusu kuhamishwa katika mashamba yao. Wakulima. Mashamba. Ukisimama Newala ukingoni mwa uwanda, ukaitazama Msumbiji kupitia ukungu wa bonde la Ruvuma, huoni nchi ngeni. Unaona namna ambavyo mambo yetu yanaweza kwenda.

Na tuitazame suala la wakati, ambalo ndilo lililomponza mjomba. Maabara hazilali. Gramu moja ya silikoni huweza kubeba lithiamu takribani mara kumi ya gramu moja ya kinywe. Tatizo lake ni kuvimba na kupasuka, na wapo wanaolitatua hatua kwa hatua kwa kuichanganya kidogo kidogo na kinywe. Kampuni ya CATL ilionesha betri yake ya sodiamu mwaka 2021, na betri za sodiamu hutumia kaboni ya aina nyingine katika upande hasi, si kinywe. Toyota na wengine wanahangaika na betri yabisi, ambayo baadhi ya miundo yake inakusudia kuweka lithiamu yenyewe mahali pa kinywe. Sisemi kwamba kinywe kinakufa kesho. Wahandisi wengi wanakiona kikiendelea kwa miaka mingi. Ninasema kwamba anayefunga shamba lake kwa ajili yake anastahili kujua kuwa kuna watu wanaoamka kila asubuhi, wakalipwa mishahara mizuri, ili kukifanya kisihitajike.

Wenzetu wa Ngara, mkoani Kagera, wanaijua habari hii kwa upande wa nikeli. Mashapo ya Kabanga yaligunduliwa miaka ya 1970. Yamepita mikononi mwa kampuni kubwa kadhaa za dunia. Januari 2021 Serikali ilisaini mkataba uliozaa Tembo Nickel. Machi 2022 nikeli iliruka kwa muda mfupi hadi kuvuka dola 100,000 kwa tani katika soko la London, soko likasimamishwa. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 16,000, kwa sababu Indonesia ilimwaga nikeli nyingi sokoni, na pia kwa sababu betri zile za chuma na fosfeti zilikuwa zimeipunguzia nikeli nafasi. Mtoto aliyezaliwa Ngara mwaka wa ugunduzi sasa ni mtu mzima wa kukaribia kustaafu.

Nirudi kusini. Katika ukanda wetu, hasa Ruangwa mkoani Lindi, jirani wa Masasi, ipo miradi ya kinywe ambayo majina yake yamesomwa bungeni na magazetini kwa zaidi ya muongo: Nachu, Chilalo, Lindi Jumbo. Aprili 2023 Serikali ilisaini mikataba na kampuni tatu za Australia kwa mpigo, miwili kati yake ikihusu kinywe, wa Chilalo na wa Epanko kule Mahenge. Kwa mujibu wa sheria tulizozirekebisha mwaka 2017, taifa hupata hisa zisizopungua asilimia 16 bila kutoa fedha. Niliunga mkono marekebisho yale na bado nayaunga mkono. Lakini hisa za mgodi ambao haujajengwa ni asilimia 16 ya sifuri, na ushuru wa huduma ambao halmashauri inautazamia katika makisio yake ni sehemu ya sifuri hiyo hiyo.

Hebu sasa tuwalinganishe wawekezaji wawili. Wa kwanza yuko Perth au Sydney. Ana hisa za kampuni ya kinywe, lakini pia ana hisa za lithiamu, za dhahabu, za benki. Kila robo mwaka husoma taarifa ya kampuni. Akisikia habari za silikoni au za sodiamu asizozipenda, huuza hisa kwa simu kabla ya chakula cha jioni. Akipoteza, hupoteza sehemu. Wa pili yuko kijijini Masasi. Mali yake yote ni shamba moja. Haletewi taarifa ya robo mwaka wala ya muongo. Hawezi kuuza kwa simu, na akiuza huuza kwa mtu wa kati anayejua zaidi yake. Ameweka katika mradi huo miche asiyoipanda, nyumba asiyoiezeka upya, kisima asichokichimba, kijana aliyeambiwa asiende mbali kwa kuwa ajira zinakuja. Hakuna kitabu cha mahesabu kinachoandika vitu hivyo. Mimi naviita mtaji, na mtaji huo ndio mkubwa kuliko yote kwa kulinganisha na uwezo wa anayeutoa.

Kwetu tunalo neno kangomba. Wasomaji wa kusini hawahitaji maelezo; kwa wengine, ni ule ununuzi wa korosho kwa kipimo cha kopo, nje ya mfumo, aghalabu mkulima akiwa amebanwa na njaa kabla ya msimu, kwa bei ya kutupa. Serikali zote zimeipiga vita kangomba, na mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara mwaka 2007 ulikusudiwa pamoja na mambo mengine kuimaliza. Kosa la kangomba ni nini hasa? Ni kwamba mwenye haraka anauza kesho yake kwa mwenye subira. Mkulima anayeambiwa asubiri mgodi anafanyiwa jambo baya zaidi: anatoa kesho yake bila hata kupewa kopo. Na mimi ndiye niliyekuwa mnunuzi wa kangomba kwa mjomba wangu, ingawa sikufaidika chochote.

Hii si mara ya kwanza kusini kusubirishwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Ikajengwa bandari Mtwara, ikatandikwa reli, na mwaka 1951 mpango ukafa ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Reli yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Kisha gesi: mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam, damu ikamwagika, na mwaka 2015 bomba likazinduliwa. Mwaka 2018 ikaja operesheni ya korosho, Serikali ikitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo wakulima waliosubiri malipo miezi mingi. Nia katika kila tukio haikuwa moja, wala sizilinganishi serikali hizo. Ninachosema ni kwamba katika kila hesabu, muda wa mkulima uliandikwa kuwa bure.

Wanafunzi wangu wakifika hapa hupenda kusema: basi madini yabaki ardhini. Siafikiani nao. Bodaboda wa Masasi anayenunua petroli kwa chupa anastahili pikipiki ya umeme, na pikipiki hiyo inahitaji madini kutoka mahali fulani. Wanaharakati wenzangu nao hupenda kumlaumu beberu, wakaishia hapo. Lakini sheria inayohusu muda wa mkulima hatuandikiwi na Perth. Tunaiandika wenyewe Dodoma.

Na sheria hiyo ina pengo. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa muda wa uthamini wa fidia, ili mtu aliyethaminiwa asikae bila malipo maisha yake yote. Ni hatua njema. Lakini saa ya sheria huanza kugonga mthamini anapofika. Kabla ya hapo kuna kipindi kirefu cha utafutaji: leseni hutolewa kwa miaka 4 na inaweza kuhuishwa. Katika miaka hiyo yote mkulima ana haki ya kuendelea na shamba lake. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haimnyang'anyi haki ya kulima kwa sababu tu kuna mtu mwenye leseni ya kutafuta madini chini ya miguu yake. Tatizo ni kwamba hakuna anayemwambia. Vigingi vinazungumza kwa sauti kubwa kuliko sheria, na wasomi kama mimi tunavisaidia kuzungumza.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hasa maafisa ardhi, maafisa madini, watendaji wa vijiji na wachumi wa halmashauri, mambo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa.

Kwanza, kila mkutano wa kijiji unaompokea mtafiti wa madini uandike katika muhtasari sentensi moja iliyo wazi: kwamba wananchi waendelee kulima, kupanda na kujenga kama kawaida, hadi watakapopewa taarifa rasmi ya uthamini. Isomwe kwa sauti. Ibandikwe ofisini.

Pili, mwenye leseni atakiwe kurudi kijijini kila mwaka na kusema yuko wapi: amepata nini, anatafuta fedha wapi, na soko la madini yake limebadilikaje. Akiwa hana jipya, aseme hana jipya. Akiondoka, aage. Mwenye hisa wa Sydney hupata taarifa hiyo kwa haki ya kisheria. Sioni kwa nini mwenye shamba apate pungufu ya hapo.

Tatu, halmashauri zisipange zahanati na madarasa kwa mapato ya migodi ambayo haijamwaga zege. Mapato hayo yakija, yawe nyongeza. Mpango wa maendeleo wa wilaya ya korosho uanzie kwenye korosho, na hasa kwenye kuibangua hapa hapa, badala ya kuisafirisha ghafi kwenda India na Vietnam kisha tukajishangaa kwa nini tunataka kusafirisha na kinywe vivyo hivyo.

Nimalizie pale barazani kwa mjomba. Alipouliza swali lake nilimjibu kwa uangalifu ambao sikuwa nao mwaka 2014. Nilimwambia: "Mjomba, kinywe kitahitajika kwa miaka mingi bado. Lakini si lazima kiwe cha ardhini, na kikiwa cha ardhini si lazima kiwe cha kwako, na kikiwa cha kwako siwezi kukutajia mwaka."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi hayo ndiyo ungeniambia mwaka ule," akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika.

Kisha akanieleza sababu ya kuuliza. Wiki ile alikuwa amefikiwa na dalali, kijana mwenye pikipiki na simu mbili, akisema kuna watu wanarudi kwa ajili ya kinywe na kwamba ni busara mzee asiguse shamba kwanza. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, akampa maji ya kunywa, akamwambia aje na karatasi yenye tarehe. Siku ya pili yake akaenda shambani.

Asubuhi yake tulikwenda pamoja. Katika zile ekari nne nilikuta safu za miche ya kubebeshwa yenye kimo cha kiuno. Alikuwa ameipanda bila kuniuliza, misimu miwili iliyopita, baada ya kuuza ng'ombe. Michache ilikuwa imekauka, mingi ilikuwa hai. Nilipiga hesabu kimyakimya: mzee wa miaka sabini na minne, na mti unaohitaji miaka kama saba kufikia mavuno ya maana. Yeye pia bila shaka aliipiga. Alinipa panga, akanionesha safu ya mwisho iliyozidiwa na magugu, akasema, "Daktari, anzia pale."